Feni Mbili za Chumba cha Gundi

Ukitaka kuwajua wakubwa, usiwasikilize wakihutubia. Wamiminie chai. Hiyo ndiyo elimu aliyoipata Mama Birika kwa miaka kumi na tisa katika chumba cha bodi cha kiwanda cha magodoro, na hakuna chuo ambacho kingempa bora kuliko hiyo. Alimjua anayekula biskuti mbili na kuficha ya tatu kwenye leso. Alimjua anayesema asante siku za wageni tu. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa akinyoosha kikombe bila kugeuza shingo, akaendelea kusema, kana kwamba birika lilikuwa na miguu na lilijileta lenyewe.

Jina la Mama Birika walimpa wao. Jina lake la kuzaliwa hawakujisumbua kulijua, ingawa, kama utakavyoona, walikuwa nalo kwenye vitabu vyao mara nyingi kuliko la mwanamke mwingine yeyote pale kiwandani.

Jiko lake lilikuwa nyuma ya chumba cha bodi: sinki moja, jiko la umeme la sahani mbili, moja ikiwa imekufa zamani, kabati la vikombe, na dirisha lililotazama paa la karakana. Ukutani kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo. Kilango chake kilivimba kwa mvuke, kwa hiyo hakikufunga sawasawa, na wakubwa hawakuona sababu ya kukitengeneza. Nani angesikiliza upande wa pili? Birika?

Chini ya lile paa kilikuwepo chumba cha gundi. Humo wanawake arobaini walipaka gundi kwa brashi kwenye vipande vya sponji, wakavibandika, wakavikandamiza kwa viganja, saa nane kwa siku. Harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mgeni akiingia hutokwa machozi kabla hajasalimia. Madirisha yalipigiliwa misumari ili vumbi lisiingie kwenye gundi. Vumbi lisiingie kwenye gundi. Gundi kuingia kwenye vifua vya watu halikuwa tatizo la mtu.

Sasa sikiliza ujanja wa waliosoma. Kiwanda kilikuwa na geti moja, king'ora kimoja na vyoo vya pamoja, lakini kwenye makaratasi kulikuwa na kampuni mbili. Kampuni kubwa ilimiliki jengo, mashine, nembo na faida. Kampuni ndogo iliajiri wanawake wa gundi, basi. Haikuwa na kiti wala meza. Haikuwa na hata kalamu yake. Katibu wa kampuni, ambaye ni wakili na hupenda kujisikia, aliwahi kueleza kwenye kikao: "Kisheria kampuni ni mtu, waheshimiwa. Na mtu hajibu makosa ya mtu mwingine. Hata akiwa mwanawe." Wakacheka kwa furaha. Mama Birika alikuwa akihesabu vijiko upande wa pili wa kidirisha, akajiuliza huyu mtu mdogo ni mtu gani ambaye hajawahi kuombewa hata kikombe kimoja cha chai.

Mtu huyo alihitaji wakurugenzi watatu. Wawili walikuwa Mwenyekiti na Katibu. Wa tatu alikuwa awe mkwe wa Mwenyekiti, lakini siku ya kupeleka fomu mkwe alikuwa safarini na ofisi ya msajili inafunga saa sita. Katibu akafungua kidirisha.

"Mama, unajua kuandika jina lako?"

"Najua, bosi."

"Futa mikono, njoo."

Akafuta mikono kwa aproni, akaandika. Katibu akamwambia ni heshima tu, ya kwenye karatasi, asiwaze sana. Tangu siku hiyo vikao vya kampuni ndogo vilikuwa dakika tano za mwisho wa vikao vya kampuni kubwa, wakati wenyewe wanatafuta funguo za magari. Kumbukumbu za kikao zilipitishwa kwenye kidirisha pamoja na vikombe vichafu, naye akasaini juu ya ubao wa kukaushia vyombo. Miaka kumi na miwili alisaini hivyo. Hakusoma, na hilo tusimfichie. Wao walimdharau naye akaona raha ya kudharauliwa, maana anayedharauliwa haulizwi kitu.

Mama Birika alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja baba mbalimbali, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Huyu ndiye aliyekuwa mwanawe, dada yake na rafiki yake. Kazi ya chumba cha gundi alimwombea yeye mwenyewe, kwa msimamizi, kwa maneno matamu na chupa ya chai. Ofisini hakuna aliyejua kuwa ni ndugu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza Mama Birika kama ana ndugu.

Na kila mwaka ilikuwepo Siku ya Kurudisha kwa Jamii. Ukitaka kicheko, nenda siku hiyo. Watu ambao mwaka mzima hawashushi vioo vya magari huvaa fulana nyeupe zilizoandikwa TUNAJALI, hushika mafagio ambayo bado yana lebo, hufagia hatua sita, hupigwa picha, hunawa mikono kwa dawa na kurudi kwenye kiyoyozi. Kisha hukabidhi zawadi. Wakishakabidhi, Katibu huandika. Huyo alikuwa na mwandiko wa kupendeza na maneno mazito, na kurasa za zawadi ndizo alizoziandika kwa moyo wake wote. Kurasa za ajali aliziandika mistari miwili.

Mwaka uliopita mkaguzi wa viwanda alipita chumba cha gundi. Alitoka macho yamevimba, akaamuru zifungwe feni mbili kubwa za kuvuta hewa. Amri ni amri, feni zikaagizwa, zikaja kwenye maboksi, zikakaa kwenye korido zikimsubiri fundi umeme. Mama Birika alizikwepa kila siku na sinia lake. Alifurahi moyoni. Alimwambia mdogo wake, "Vumilia, hewa inakuja, nimeiona kwa macho yangu."

Halafu kikakaa kikao. Mwenyekiti akanyoosha kikombe chake bila kugeuka.

"Mwaka huu tunaipa nini zahanati?"

"Magodoro, kama kawaida," mmoja akasema.

"Magodoro tulitoa mwaka jana. Tutaonekana hatuna jipya. Nataka kitu kikubwa, kinachoonekana kwenye picha."

Katibu akakohoa kidogo. "Kuna zile feni za korido."

"Zile za wanawake wa gundi? Na mkaguzi?"

"Anarudi mwakani. Tutaagiza nyingine hapo baadaye."

"Basi, wao wafungue madirisha," akasema Mwenyekiti, na jambo likaisha. Misumari ya madirisha haikutajwa. Mama Birika alikuwa ameshika birika juu ya kikombe hicho hicho. Aliimimina chai ikafika ukingoni, akasema "Karibu, bosi," akatoka. Baada ya dakika tano kitabu kilipita kwenye kidirisha, mstari wa feni na mkaguzi ukiwa wazi mbele ya macho yake, akasaini. Mkono ulikuwa na maji na kikombe kilikuwa kimekaa vibaya, kwa hiyo pembeni mwa ukurasa pakabaki duara la chai.

Feni zikaenda zahanati zikiwa na utepe mwekundu. Picha ikapigwa. Zilikuwa kubwa kuliko madirisha yote ya zahanati, hazikuingia popote, zikasukumwa stoo nyuma ya vitanda vibovu. Zimo hadi leo na utepe wake.

Miezi minane baadaye mdogo wake alianza kukohoa kikohozi kisicholeta kitu. Kisha akawa anapumzika katikati ya ngazi. Kisha akaanguka juu ya meza ya gundi, wakamlaza katika zahanati ile ile, juu ya godoro lenye nembo ya kampuni, mkabala na kibao cha shaba kinachowashukuru wafadhili. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kampuni ilimharibia mapafu, ikamtandikia godoro, na ikasahau kuwa ni mtu yule yule. Daktari alisema kifua hicho hakitarudi kama zamani. Atahitaji dawa na hewa ya mtungi kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote. Kazi asiote tena.

Wakili wa kituo cha msaada wa sheria, mwanamke mfupi anayeongea haraka, akaandika barua ya madai kwa kampuni kubwa. Akajibiwa kwa aya moja kwamba kampuni haimfahamu mwajiriwa huyo, na kwamba awasiliane na mwajiri wake. Mwajiri ni nani? Yule mtu asiyekunywa chai.

Siku tatu baada ya jibu hilo Katibu aliingia jikoni. Kwa mlango, si kwa kidirisha. Mama Birika alikuwa anasugua madoa ya birika, akajua mara moja kuwa pana jambo, maana katika miaka yote hiyo Katibu hakuwahi kukanyaga pale.

"Hujambo, Mheshimiwa Mkurugenzi!" akasema, meno yote nje.

"Sijambo, bosi. Umepotea njia?"

Katibu akacheka sana, kuliko mzaha wenyewe. Akamvisha kilemba cha ukoka: kwamba nguzo za kampuni ni watu kama yeye, kwamba bodi inamthamini, kwamba wanafikiria kumpa cheti. Kisha akalaza karatasi kwenye ubao wa kukaushia. "Kitu kidogo tu. Ile kampuni ndogo tunaifunga, tunaiondoa kwenye daftari la msajili. Haina kazi tena, wale akina mama watahamishiwa kwingine. Sahihi yako hapa."

"Na nyie?"

"Mimi na Mwenyekiti tulishajiuzulu siku nyingi. Barua zipo." Akazionyesha. Zilikuwa na tarehe ya miaka miwili iliyopita na karatasi zake zilikuwa bado vuguvugu kutoka kwenye mashine. "Umebaki wewe peke yako, Mkurugenzi."

Safari hii Mama Birika akasoma. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, na Katibu akatazama saa mara mbili. *Mimi, mkurugenzi wa kampuni, natamka kwa kiapo kwamba kampuni haidaiwi, haina shauri, na simjui mtu yeyote mwenye dai dhidi yake.*

Akaielewa. Si kwa sheria, kwa akili ya kawaida. Wanamuua yule mtu wa karatasi kabla hajashitakiwa, na wanataka mkono wa mwosha vikombe ndio uchimbe kaburi. Mdogo wake akienda mahakamani atakuta jina limefutwa. Na ikiulizwa nani aliapa uongo, jina lipo: moja tu, la kwake.

"Nipe mpaka kesho, bosi," akasema. "Miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa puani. Katibu hakuiona. Hakuwahi kumtazama usoni.

Jioni alikwenda zahanati na chupa ya chai kama kila siku. Mdogo wake alikuwa ameegemea mito mitatu, anavuta pumzi kwa kuzihesabu. Mama Birika akammiminia kikombe, akaketi ukingoni mwa kitanda. Angeweza kukaa kimya. Alijitahidi hata, kwa dakika chache, akikunja na kukunjua kitambaa cha chupa. Kisha akamweleza yote: karatasi, ukurugenzi, na zile feni.

Mdogo wake alisikiliza hadi mwisho. "Zile ulizoniambia hewa inakuja?"

"Ndizo hizo."

"Zikaletwa hapa."

"Ziko stoo."

"Na walipokubaliana, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo chumbani."

"Ukifanya nini?"

"Namimina chai."

"Ukasema nini, dada?"

Mama Birika akatazama sakafu. "Nilisema karibu bosi."

Mdogo wake akakisukuma kikombe kwa kucha za vidole viwili, kama mtu anayeondoa kitu kilichoguswa na mdudu. "Na ukasaini."

"Nikasaini."

"Basi chai yako wapelekee mabosi wako. Usije tena hapa mpaka hayo uliyoniambia mimi uyaseme mbele ya watu." Akageukia ukuta. Kukohoa kulimzidi, na hakumruhusu dada yake amshike mgongo. Mama Birika akafunga chupa, akaondoka nayo ikiwa imejaa.

Usiku ule hakulala, na asubuhi na mapema alikuwa mlangoni pa kituo cha msaada wa sheria kabla hakijafunguliwa. Wakili mfupi alimsikiliza kwa makini. Alikuwa anatafuna mfuniko wa kalamu, na ulimtoka mdomoni aliposikia neno kitabu.

"Umesema imeandikwa? Kwamba feni zilikuwa za chumba cha gundi, kwa amri ya mkaguzi?"

"Kwa mwandiko mzuri."

"Na wamesaini wote?"

"Watatu. Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na wanadai walijiuzulu miaka miwili iliyopita!" Wakili akasimama, akakaa. "Mama, sikiliza. Mkurugenzi ana haki ya kuona kitabu cha kampuni yake na kupewa nakala. Hawawezi kukunyima. Lakini nisikufiche: ukurasa huo utawafunga wao, na wewe pia umo. Ukiutoa, utaulizwa."

"Naulizwa tayari," akasema Mama Birika.

Alipofika kazini aliwasha jiko, akapanga vikombe, akaenda ofisini kwa Katibu na sinia. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi njia nzima. Haukutokea, na hapa ndipo unapoona kuwa majivuno ni ugonjwa mbaya kuliko kikohozi.

"Bosi, kabla sijasaini, naomba nikione kile kitabu cha kampuni. Ule ukurasa wa zawadi za zahanati. Nataka nakala yake."

Uso wa Katibu ukachanua. "Ule wa feni?"

"Ule."

"Unataka kumbukumbu, eh? Ya kuweka nyumbani!" Akakitoa kitabu kabatini mwenyewe, akaufungua ukurasa, akausoma kwa sauti, na alisoma kwa raha: "*Wajumbe, kwa moyo wa ukarimu na kwa kutambua wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka, waliazimia kwa kauli moja kwamba feni mbili zilizoagizwa kwa ajili ya chumba cha gundi, kwa amri ya mkaguzi wa viwanda, zitolewe zawadi kwa zahanati, na chumba cha gundi kiendelee kama kilivyo.* Unaona lugha hiyo? Wenzangu hawajui kuandika hivi."

Alisoma kila neno. Masikio yake yalisikia ukarimu, wajibu, jamii, zawadi. Yale mengine yalipita kama mlio wa gari la barabarani. Nyani haoni kundule, na huyu alilisoma lake kwa sauti akalisifu. Akaenda kwenye mashine ya fotokopi, akatoa nakala. Alipotaka kumpa akairudisha mezani, kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu na hakuna karatasi iliyowahi kutoka ofisini kwake bila muhuri. Akagonga: NAKALA HALISI. Akasaini, akaweka tarehe ya siku ile. Duara la chai lilionekana vizuri hata kwenye nakala.

Mwenyekiti akapitisha kichwa mlangoni. "Kuna nini?"

"Mama anataka kumbukumbu ya Siku ya Jamii."

"Mpe na picha," akasema Mwenyekiti, akaenda zake.

Mama Birika akaikunja nakala mara nne, akaiweka ndani ya aproni. Picha akaichukua pia.

"Haya, sasa tusaini," Katibu akasema, akisogeza tamko na kalamu.

"Hapana, bosi."

"Hapana nini?"

"Hii karatasi inasema simjui mtu yeyote mwenye dai. Mimi namjua. Yule aliyeanguka kwenye meza ya gundi ni mdogo wangu, tumbo moja."

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Katibu alimtazama usoni. Alitazama, kisha macho yakashuka kwenye aproni, palipokunjwa ile nakala. Ungeona damu inavyomtoka usoni kuanzia kwenye paji. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hebu nirudishie hiyo karatasi kidogo. Kuna kosa la chapa."

"Mbona umeisoma vizuri."

Mwenyekiti akaitwa. Akaja na hasira zake, akapiga meza, akamwita mwizi, msaliti, kisha, alipoona hatikisiki, akamwita mama yangu mpendwa na kumwahidi matibabu ya mdogo wake nje kabisa, hospitali ya maana, ilimradi karatasi irudi. Mama Birika akamuuliza kama anajua jina la huyo mdogo wake. Hakulijua. Akamuuliza kama analijua la kwake yeye. Mwenyekiti akamgeukia Katibu amnong'oneze, na Katibu alikuwa ameinamisha kichwa.

Alifukuzwa kazi ya chai saa ile ile, na mlinzi akamsindikiza hadi getini. Ila ukurugenzi hawakuweza kumvua. Kumwondoa mkurugenzi kuna taratibu, na taratibu hizo Katibu ndiye aliyeziandika kwenye katiba ya kampuni, kwa mwandiko ule ule: notisi ya siku ishirini na nane, mkutano wa wanahisa, haki ya kusikilizwa. Kwa siku ishirini na nane mwanamke asiye na kazi ndiye aliyekuwa mkurugenzi pekee wa kampuni, kwa maneno yao wenyewe, na kampuni ikabaki hai. Wakili mfupi alifungua shauri siku ya nne.

Mahakamani Mwenyekiti alikuja na mawakili watatu na suti ya rangi ya majivu. Alipoulizwa kuhusu feni alisema hakumbuki. Alipoonyeshwa ukurasa alisema inaonekana kama sahihi yake, lakini yeye husaini mambo mengi. Katibu alisema alikuwa akiandika tu yaliyosemwa, kuandika si kuamua. Alipoulizwa iweje alisaini kama mkurugenzi mwaka mmoja baada ya kujiuzulu, aliomba maji. Watu wazima, wamesoma kwa fedha za wazazi wao, wana vyeo vya kujaza mlango mzima, na hakuna hata mmoja aliyejua mkono wake ulikuwa unafanya nini.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la mbele, mtungi wa hewa miguuni, mrija puani. Tangu siku ile ya kikombe walikuwa hawajasemeshana. Mama Birika alikuwa akija zahanati, anafika hadi mlangoni pa wodi, anamuuliza nesi hali ya mgonjwa, anarudi.

Akaitwa. Akaapa. Wakili wa Mwenyekiti, kijana mwenye harufu nzuri, akamsogelea na ule ukurasa.

"Sahihi hii ya tatu ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Hukujua ulichosaini?"

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Wakili mfupi alishamwambia kwamba akisema hakujua kusoma vizuri, au aliogopa, hakimu atamwelewa. Mama Birika akautazama mlango huo, akaupita.

"Nilijua. Nilikuwepo walipokubaliana. Nilijua feni ni za kina nani, nilijua madirisha yamepigwa misumari, nilijua mdogo wangu yumo mle ndani. Nikamimina chai, nikasema karibu bosi, nikasaini. Hilo duara hapo ni la kikombe changu."

"Kwa hiyo unakubali kuwa na wewe unahusika na madhara haya?"

"Nahusika."

Kijana akatabasamu, akadhani amempata, akageuka kwa Mwenyekiti apongezwe. Mwenyekiti hakutabasamu. Alikuwa mzee wa vikao na alielewa upesi: kama mwosha vikombe alijua, basi aliyenyoosha kikombe alijua.

Hukumu ilichukua miezi. Hakimu alisema kampuni ambayo wakubwa wake waliamua chumba cha gundi kiendelee kama kilivyo haiwezi kujificha nyuma ya kampuni isiyo na hata kiti, akaibebesha kampuni kubwa matibabu ya mgonjwa kwa maisha yake yote. Wakurugenzi watatu walitajwa kwa majina, wote watatu, na kupigwa marufuku kuongoza kampuni yoyote kwa miaka mitano. Mama Birika aliipokea adhabu yake kama wenzake. Wenzake walikata rufaa. Kiwanda kikafunga feni mpya chumba cha gundi, na wiki iliyofuata gazeti likatoa picha ya mwenyekiti mpya amesimama chini yake na fulana ya TUNAJALI.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ya ushahidi, Mama Birika alishuka kizimbani, akapita mbele ya benchi la mbele bila kuinua macho, akielekea mlangoni. Mkono ukamshika upindo wa kanga. Haukuwa na nguvu, lakini ulishika.

Mdogo wake alivuta pumzi moja, akaingoja ya pili.

"Kesho uje na chupa," akasema. "Na sukari usizidishe."